Ramani haitoshi mahakamani

Haya wasomaji, leo si kodi bali haki. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa Nakuru ilipowaka Januari 2008. Mwezi huohuo wanablogu na waandika programu wa Kenya, akina Ory Okolloh na David Kobia, walianzisha Ushahidi: raia alituma SMS, tukio likaonekana kwenye ramani. Kazi safi sana. Lakini jina lile liliahidi makubwa.

Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Kesi zilipofika The Hague ziliitwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, si uhalifu wa kivita, maana kisheria hapakuwa na vita. Ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014. Ya William Ruto na Joshua Sang ikasitishwa Aprili 2016. Mashahidi kadhaa walijiondoa au walibadili maneno. Hakuna aliyehukumiwa huko kwa mauaji yale.

Maoni yangu: ramani husema wapi, mahakama huuliza nani. Leo kila mtu ana kamera, ila picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza tarehe na mahali ilipopigwa. Basi tunza faili ya asili. Kokotoa heshi yake ya SHA-256 siku hiyohiyo. Faili ikiguswa hata kidogo, heshi hubadilika. Andika aliyekupa, na jina lake lifiche.

Programu ya kufanya hivyo ni mistari michache tu. Tuiandike sasa kukiwa shwari. Mwaonaje?