Bodaboda ya stima: Kabla ununue betri ya pili, jua chaji ya kwanza inaenda wapi

Petroli ilipovuka Sh200 kwa lita jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, hesabu ya bodaboda ilibadilika. Pikipiki mpya ya stima si bei ya mchezo, kwa hivyo kung'oa injini ya ile uliyo nayo na kuweka mota na betri ni wazo linalovutia.

Tatizo ni moja: chaji itakufikisha wapi? Betri ikikata saa kumi jioni, abiria wanaotoka kazini watakupita ukiwa umekaa kando ya soketi. Ndiyo maana wazo la kwanza huwa ni kuongeza betri ya pili. Inasaidia, lakini ndiyo njia ghali zaidi ya kutafuta kilomita. Ikifanywa ovyo, ndiyo hatari zaidi pia.

Tuanze na hesabu. Zidisha volti za betri kwa ampea-saa zake, upate wati-saa. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 ina wati-saa 2,880. Pikipiki ikila wati-saa 40 kwa kila kilomita, utaenda kilomita 72. Ukishusha ulaji hadi wati-saa 32, betri ile ile inakupa kilomita 90. Hizo ni kilomita 18 zaidi na hujanunua chochote.

Hizo wati-saa nane utazitoa wapi? Kwanza, kwenye mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 70, nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma huongezeka karibu maradufu. Pili, kwenye vitu vidogo: tairi isiyojazwa vizuri, breki inayoshika hata kama hujaikanyaga, mnyororo mkavu, kuvuta moto kwa nguvu kila taa ikigeuka kijani. Haya yote yanakula petroli pia, lakini tangi hujazwa kwa dakika mbili. Betri haina haraka hiyo.

Mlima nao hauna ujanja. Kutoka katikati ya jiji hadi Limuru unapanda zaidi ya mita 500. Pikipiki, wewe na abiria mkiwa kilo 250, kupanda huko pekee kunadai karibu wati-saa 340, hata kabla ya kuhesabu nguvu inayopotea kwenye mota. Hiyo ni sawa na kilomita nane hivi za kawaida. Safari kama hiyo ifanye betri ikiwa imejaa, na bei uipange ukijua inakugharimu nini.

Ukishafanya hayo yote na bado hufiki, basi fikiria betri ya pili. Hapa ndipo watu huungua. Ukiunganisha betri mbili sambamba, moja ikiwa imejaa na nyingine karibu tupu, ile iliyojaa huimwagia mwenzake umeme mwingi kwa ghafla. Nyaya zinaweza kuyeyuka na seli kushika moto. Ni lazima ziwe za aina moja, volti ziwe sawa wakati wa kuunganishwa, na kila moja iwe na kifaa chake cha ulinzi, kile mafundi wanakiita BMS. Fundi akikwambia BMS si lazima, beba pikipiki yako uende. Betri hiyo utailaza kwenye chumba kimoja na watoto, kwenye ploti yenye majirani ukuta kwa ukuta.

Pikipiki kama Roam Air, yenye betri ya kilowati-saa 3.24, iliundwa tangu mwanzo ikiwa na nafasi ya betri ya pili. Ile iliyobadilishwa gereji haikupangiwa hivyo. Uzito wa ziada ukifungwa vibaya unaharibu usawa, na kilomita ulizonunua zinaishia kwenye mtaro.

Lakini mzigo huu haufai kuachiwa kijana na fundi wake pekee. Kwa kawaida, vituo vya kubadilisha betri vinahudumia pikipiki za kampuni husika, na betri ya kampuni moja haiingii kwa pikipiki ya nyingine. Mwenye pikipiki iliyobadilishwa anabaki nje kabisa.

Mnamo 2023, EPRA ilianzisha bei maalum ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti, na nusu yake wakati matumizi ya stima yako chini, kabla ya kodi na ada nyingine. Ni hatua nzuri, ila inapitia mita maalum. Anayechomeka nyumbani analipa bei ya nyumbani.

Kaunti zikiweka soketi za bei hiyo kwenye steji, zilizo wazi kwa kila pikipiki, nusu saa ya kusubiri abiria inageuka kuwa nusu saa ya chaji. Kwa chaja ya wati 600, hizo ni wati-saa 300, kilomita saba au zaidi kila unapopumzika. Pesa za betri ya pili zibaki mfukoni.