Mmebaki wanne? Msigawane hela!

Kama ada, stori ya leo imetoka mtaani, haikutoka kwenye hewa. Kama unakunywa chai, endelea kunywa. Kama uko kwenye treni, kaa dirishani, maana leo tunasafiri mbali kidogo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa zangu pale Kashaulili, karibu na soko, nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa napiga kashata. Si mnajua kijiwe cha kahawa kilivyo? Ukikaa dakika kumi umeshajua nani kaoa, nani kaachwa na mgebuka umepanda bei kiasi gani. Mara akaja dogo mmoja jirani yetu, anasoma chuo, mwaka wa tatu sasa. Yuko likizo. Akanisalimia, "Shikamoo braza," halafu akakaa kimya. Nikajua huyu ana lake jambo.

"Braza," akaanza, "chuoni tuna chama chetu, cha wanafunzi tuliotoka huku Katavi. Tulianza kumi na mmoja. Sasa tumebaki wanne. Wengine wamemaliza, wengine wamenuna, mmoja kadisko. Kwenye mfuko kuna sh. 140,000. Wenzangu wanasema tugawane tu kila mtu ashike elfu thelathini na tano yake, mambo yaishe. Wewe unasemaje?"

Nikamwambia agize kahawa kwanza, nalipa mimi. Maana swali hilo, mpenzi msomaji, lilinichoma mahali ambapo yeye hapajui. Nitakwambia baadaye. Kwanza nikampa stori za wakubwa.

Turudi nyuma mpaka mwaka 1943. Wakati huo Tanganyika hakuna chuo kikuu hata cha kusingiziwa. Kijana wa Kenya, Uganda, Zanzibar au Tanganyika akitaka masomo ya juu, njia ni moja: Makerere, Kampala. Watanganyika waliofika pale walikuwa wachache, unaweza ukawajua kwa majina na kwa viatu vyao. Kati yao alikuwepo kijana wa miaka 21 kutoka Butiama, katokea Tabora shule, anaitwa Julius Nyerere. Walikuwepo pia Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu.

Hawa washkaji wakakaa wakaona kwamba ugenini hapa, bila umoja, tutapotea. Wakaanzisha chama cha ustawi wa Watanganyika pale chuoni, kikaitwa kwa kifupi TAWA. Usidhani walianza na bendera na "Uhuru! Uhuru!" Hapana bwana. Kilikuwa chama cha kujaliana, cha kuzungumza hali ya Mwafrika kule nyumbani na nini kifanyike. Yaani mambo kama yale ya dogo na wenzake watatu.

Sasa sikia utamu wake. Kumbe nyumbani kulikuwa na chama kingine, kikubwa zaidi yao. Mwaka 1929 kule Dar es Salaam wazee walikuwa wameanzisha African Association, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Vijana wa Makerere walipofahamu, wangeweza kujifanya wasomi, wakasema "sisi ni wa chuo bwana, hao wazee watatufundisha nini?" Si ndiyo tabia yetu? Wao hawakufanya hivyo. Wakakivunja chama chao cha chuoni, wakakigeuza kuwa tawi la kile cha wazee. Hawakuking'ang'ania kwa sababu wao ndio waanzilishi. Walitaka kazi ifanyike, basi.

Masomo yakaisha mwaka 1945. Hapo ndipo vyama vingi vya wanafunzi vinapokufa: mmepewa vyeti, mmepiga picha, kwa heri ya kuonana. Hawa wenzetu hawakuachana. Nyerere akaja kufundisha St. Mary's, Tabora, kuanzia 1946, na Tibandebage alikuwa mwalimu pale pale. Tabora hiyo hiyo ambayo sisi wa Mpanda tunashukia na vidumu vyetu vya asali kubadili treni! Wakaendelea na shughuli za chama pale Tabora. Mwapachu akaenda kusoma Uingereza, akarudi akawa afisa wa ustawi wa jamii. Nyerere naye akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952.

Mwaka 1948 kile chama cha wazee kilikuwa kimeshabadili jina, kikawa TAA. Aprili 1953, pale ukumbi wa Arnautoglo, Dar, Nyerere akachaguliwa rais wa TAA akimshinda Abdulwahid Sykes, mtoto wa yule yule Kleist. Na Abdulwahid hakususa. Walibaki pamoja, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU. Saba Saba yenyewe hiyo. Miaka saba baadaye, uhuru. Tibandebage alikuja kuwa balozi. Mwapachu alifariki mwaka 1962, nchi ikiwa bado changa, lakini uhuru aliuona.

Dogo akanikatiza. "Braza, hao walikuwa vichwa. Sisi tunahangaika na bumu tu."

Nikacheka. Nikamwambia basi tuvuke maji, nikupeleke Marekani, kwa watu weusi waliokuwa na hali mbaya kuliko yako.

Kule vyuoni kuna kitu hapa kwetu hatuna sawasawa. Ni vyama vya udugu vya wanafunzi. Wanajiita kwa herufi za Kigiriki, na ukishaingia mnaitana ndugu mpaka kaburini. Zamani vyama hivyo vilikuwa vya Wazungu watupu. Chuo cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York, mwaka wa masomo 1904 hadi 1905 kulikuwa na wanafunzi weusi sita. Mwaka uliofuata, hakuna aliyerudi hata mmoja. Sita wote! Baridi ya kule unaijua kwa kuisikia tu, na baridi ya kutengwa na wenzako darasani ni mbaya zaidi.

Walioingia baada yao wakaona hili ni balaa, tusipokamatana mikono na sisi tutapotea vile vile. Wakaanza na kikundi cha kusoma pamoja, kupiga msuli na kubadilishana madesa, kwa lugha yetu. Baadhi yao walikuwa wanajilipia chuo kwa kazi za kuhudumia kwenye nyumba za vile vyama vya Wazungu. Wanabeba sahani huku wanaona jinsi wenzao wanavyosaidiana. Ukaja mzozo mkubwa ndani ya kikundi. Wengine wanataka kibaki chama cha kusoma tu, wengine wanataka udugu kamili. Walibishana kweli kweli, na si wote waliobaki.

Tarehe 4 Desemba 1906 wakaamua. Chama kikaitwa Alpha Phi Alpha, na waanzilishi wanaotambuliwa ni saba: Henry Arthur Callis, Charles Henry Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Biddle Kelley, Nathaniel Allison Murray, Robert Harold Ogle na Vertner Woodson Tandy. Kelley ndiye akawa rais wa kwanza. Saba tu, mpenzi msomaji! Hawajai hata kwenye Noah moja ya kwenda Karema.

Mwaka mmoja tu baadaye, Desemba 1907, wakafungua tawi Howard, chuo cha weusi kule Washington. Januari 1908 wakakisajili chama kisheria. Tandy akaja kuwa mtu mweusi wa kwanza kusajiliwa kama msanifu majengo katika jimbo la New York. Jones akaongoza National Urban League, chama kilichowatafutia weusi kazi na makazi mijini. Na mwaka 1952 kijana mmoja aliyekuwa anasoma Boston akajiunga. Jina lake Martin Luther King Jr. Umemsikia?

Hata Afrika imeonja matunda ya vyama hivyo. Pale Howard mwaka 1914 kilizaliwa kingine, Phi Beta Sigma, na humo walipita Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Wote wawili wakarudi kwao kuongoza nchi.

Dogo macho yakamtoka. Nikamwambia asishangilie mapema, maana kukusanyika peke yake si sifa. Hata fisi hukusanyika. Vyama hivyo hivyo vya Marekani vimesumbuliwa miaka mingi na ushenzi wa kuwapiga na kuwadhalilisha wanaotaka kujiunga, na kuna vijana wamepoteza maisha. Na sisi tusijifanye wasafi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na kikundi cha siri, Mzee Punch, kazi yake kubandika ukutani michoro na matusi ya kuwaaibisha wanafunzi, hasa kina dada. Watu walikuwa wanacheka. Februari 1990 binti wa mwaka wa kwanza, Levina Mukasa, alijiua baada ya kuandamwa. Hapo ndipo kicheko kilipokatika, na Mzee Punch akapigwa marufuku. Kwa hiyo kabla hujauliza chama kina watu wangapi, uliza mnyonge akiingia humo anabebwa au anakanyagwa.

Kahawa ikawa imeshapoa. Ndipo nikamwambia lile la kwangu.

Mwaka 1996 na mimi nilikuwa chuo. Enzi hizo mkoa wa Katavi haupo, umezaliwa 2012. Sisi wa Mpanda tulikuwa Rukwa, na tulikuwa na chama chetu kidogo, watu kumi na mmoja. Tukagombana kwa mambo ya kijinga: nani awe mwenyekiti, nani kala hela ya soda. Mimi ndiye niliyesimama nikasema, kwa mbwembwe, "Jamani tugawane, kila mtu na lwake!" Mfuko ulikuwa na sh. 33,000. Kila mtu akapata 3,000 yake. Mimi nikanunua shati la mtumba, kali kweli, na chipsi kuku juu.

Haikupita hata miezi miwili, mwenzetu mmoja akaletewa telegramu. Baba yake amefariki, huku Mpanda. Jioni ile ile kulikuwa na treni, lakini hana nauli. Wala sisi hatuna, bumu lilikuwa limekata. Tukazunguka mabweni siku mbili nzima tukikopa, huyu mia tano, yule mia mbili. Alipofika Tabora, treni ya Mpanda imeshaondoka, na haikuwa ya kila siku. Alifika nyumbani akakuta watu wanakunja mikeka. Baba yake ameshazikwa.

Hakunilaumu. Mpaka leo tukikutana stesheni ananiita kaka, ananiuliza hali ya watoto. Hiyo ndiyo inayouma zaidi. Angenitukana ningepona. Lile shati sikulivaa tena, nilimpa mtu.

Dogo alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza, "Sasa braza, wanne tutafanya nini?"

Nikamwambia mambo matatu, na wewe unayesoma uyachukue kama yanakufaa. Kwanza, hiyo hela iwekeni mahali ambapo haitoki bila watu wawili kukubali, na hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wote. Vyama vingi vya wanafunzi haviuawi na siasa, vinauawa na daftari lisiloonekana. Pili, wale waliomaliza msiwafute. Watafuteni. Makerere wangekufa mwaka 1945 kama wangeona cheti ndiyo mwisho. Tatu, chuo kikifunguliwa nendeni mkawapokee njuka wanaotoka huku. Mtoto katoka Mpanda, hajui hata pa kulala, kashika begi na simu imezima chaji. Mpokee, mwonyeshe bweni, mwonyeshe mgahawa wa bei poa. Umeshapata mwanachama wa tano, bila hotuba.

Na mkikuta hapo chuoni kuna chama kikubwa kinachofanya kazi hiyo hiyo vizuri kuliko nyie, msione haya kuwa tawi. Nyerere na wenzake hawakuona haya.

Akashukuru, akaondoka. Nilidhani yameishia pale, maana vijana wa siku hizi ushauri unaingia sikio hili unatokea lile. Juzi usiku naona ujumbe kwenye simu: "Braza, tumekaa. Hatugawani. Ila mweka hazina tumemtoa, tumemweka dada mmoja wa mwaka wa pili, mkali balaa, hata mimi namwogopa."

Nikacheka peke yangu kama chizi. Chama chenye mweka hazina anayeogopwa kina maisha marefu.

Haya mpenzi msomaji, nafasi imeniishia. Wewe na washkaji zako mna mfuko wenu? Nani ana daftari? Kaulize leo leo. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Bai!