Vipande vya kitambaa si takataka

Mwezi wa Julai baridi ya Mlima Kenya huwatesa wakazi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki pasipo huruma. Ajabu ni kwamba familia nyingi hujinyima ili zinunue blanketi, ilhali mafundi wa cherehani wa miji iyo hiyo hufagia vipande vya vitambaa na kuvitupa jaani.

Vipande hivyo ni mfarishi. Viunganishwe viwe shuka, blanketi kuukuu liwekwe katikati, kitambaa kizima chini, kisha tabaka zote tatu zipenyezwe sindano. Anayeanza na aanze na foronya.

Watakaopinga watasema kwamba mitumba, iliyofurika nchini baada ya soko kufunguliwa miaka ya 1990, ni rahisi kuliko kazi ya siku nyingi. Ni kweli. Lakini asiyejua hata kutunga uzi sindanoni atanunua daima, hata siku asiyokuwa na senti. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliwafunza watoto wa shule za msingi kushona. Ustadi huo tumeuachia ufifie.

Tangu miaka ya 1970, kikundi cha wanawake cha Nanyuki Spinners and Weavers kimegeuza sufu ya kondoo kuwa mazulia ya kuuzwa. Vyama vya akina mama, makanisa na vyuo vya ufundi vya Nyeri vinangoja nini? Wakusanye vipande, wawafunze vijana. Haba na haba hujaza kibaba.