Aliyerudi na Sanduku Lake

Imekuwa desturi katika vijiji vyetu kwamba kijana akienda seminari husindikizwa kwa nyimbo na vigelegele, na akirudi kabla ya kupewa daraja hupokewa kama mtu aliyetoka gerezani. Mama hujifungia chumbani. Wajomba huulizana kwa kunong'ona amefanya kosa gani. Wale waliomwita "Baba Padre" tangu angali mvulana humpita mlangoni pa kanisa bila salamu. Nasema desturi hii ni dhuluma, na yafaa iitwe kwa jina lake mbele ya vijana wasomao, maana ndio watakaoteswa nayo kesho.

Mimi mwenyewe nilirudi jioni moja ya mvua, baada ya miaka minne. Nilishuka garini kituo kimoja kabla ya chetu ili nipitie njia ya mashambani, sanduku langu kichwani, nisionwe. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga mbuzi wake aliniona. Akaniuliza, "Mwanangu, umefukuzwa?" Nikamjibu, "La, baba, nimeondoka." Akatikisa kichwa kwa huzuni, na nikatambua kwamba jibu langu lilimchoma kuliko swali lake. Aliyefukuzwa huhurumiwa, aliyeondoka kwa hiari yake huhesabiwa mwasi.

Mwasi wa nini? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataka kijana asome falsafa miaka miwili kamili na teolojia miaka minne kamili. Muda huo haukuwekwa kwa ajili ya vitabu peke yake. Umewekwa pia ili kijana apimwe, na yeye ajipime. Kabla ya ushemasi mseminari wa jimbo ni mlei kama yule mzee mwenye mbuzi. Hajaahidi useja, wala hajavunja ahadi. Tena kanuni ya 1026 ya sheria hiyo hiyo yakataza kabisa mtu kulazimishwa kupokea daraja, kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote. Basi mzazi amwambiaye mwanawe, "Ukiacha utaniua," anatenda kwa machozi jambo ambalo askofu haruhusiwi kulitenda kwa amri.

Nitajibiwa kwamba parokia ilichanga, na ng'ombe waliuzwa. Najua, mmoja wao alikuwa wa baba yangu. Lakini fedha zile zilimsomesha mtoto wa watu, naye amerudi kwao akiwa na elimu. Hasara iko wapi? Hasara ya kweli ingekuwa kumpa madhabahu mtu asiyeitaka, kisha waumini wakalipa deni la majuto yake kwa miaka arobaini.

Wala mwisho wa seminari si mwisho wa mtu. Joseph Kasavubu wa Kongo alitolewa seminari mwaka 1939. Akafundisha shule, kisha akawa karani wa hesabu, na mwaka 1960 akawa Rais wa kwanza wa nchi yake. Léopold Sédar Senghor alikwenda Dakar akinuia upadre, wakuu wake wakamwambia haumfai. Naye mwaka 1960 akawa Rais wa kwanza wa Senegal. Siwataji hawa ili kila mwenye sanduku ajione rais. Katika habari za Kasavubu, mimi hupenda zaidi ile miaka ya daftari za hesabu.

Sasa namgeukia kijana mwenyewe, kwa kuwa sikuja kumtetea bila kumkemea. Aghalabu hushika kazi ya kwanza atajiwayo, apate kufunga midomo ya watu. Na kazi atajiwayo na wote ni ualimu: "Umesoma falsafa, nenda ukafundishe." Ualimu si kibanda cha kujikinga mvua! Una mafunzo yake na usajili wake, na zaidi ya hayo una watoto ndani yake. Mimi nilichukuliwa na shule moja kwa muhula mmoja, na mpaka leo nawaonea haya wanafunzi wale. Nilikuwa nikiwasomea kitabu huku nikitazama saa.

Laiti mtu angeniuliza mapema swali moja: ni sehemu gani ya upadre uliyoipenda? Maana upadre ni kazi nyingi zilizovikwa kanzu moja. Yuko apendaye kupatanisha waliogombana. Huyo na atazame sheria. Yuko aliyefurahia kutunza hesabu za parokia, na mwingine aliyeona raha kwenye kinanda tu. Mimi sikupenda kuhubiri hata siku moja. Nilichokingojea wiki nzima ni Jumamosi, tulipokwenda hospitali kuwazuru wagonjwa, na wenzangu walipokuwa wakiaga mimi nilikuwa ningali nikimnywesha mtu uji. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, nami nikalipita kwa miaka miwili kwa sababu ya aibu ya kubuniwa na majirani. Hatimaye nikaingia chuo cha uuguzi, nikiwa mkubwa kuliko wenzangu wote darasani.

Yule mzee wa mbuzi huja kwetu kila mwezi kuchukua dawa ya shinikizo la damu. Hajapata kuniomba radhi, wala sidai. Ila mwezi uliopita alikuja na mjukuu wake aliyeacha seminari, akamketisha kwenye benchi, akaniuliza kwa sauti ya chini ada ya chuo cha uuguzi ni shilingi ngapi. Nikamwambia asubiri kwanza, nikamwita kijana kando ili nimwulize yeye.