Mtoto anapokwenda ziwani Mbamba Bay

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilometa 66. Zamani, masika yakikolea, magari yalinasa kwenye tope la milima ya Wamatengo na safari ikawa ya kutwa. Sasa ni lami, na familia inaweza kuteremka asubuhi na kurudi jioni.

Mji ni mdogo, ingawa ndio makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kuna bandari, kuna dagaa na mbasa, na ukipatwa na shida, hospitali ya misheni ipo Liuli. Lakini mtoto hasafiri kwa ajili ya hayo. Anataka kuruka majini.

Mwache afurahi, ila wewe mzazi ujue kwamba ziwa hili lina kichocho.

Minyoo yake hukulia ndani ya konokono wadogo wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu. Si lazima mtoto ameze maji wala awe na kidonda. Wengi tunadhani hatari iko kwenye matete na madimbwi tu. Upande wa Malawi wa ziwa hili hili, watafiti wamewakuta konokono hao hata kwenye mchanga wa ufukwe ulio wazi. Pia wamehusisha kuongezeka kwa kichocho na kupungua kwa samaki wanaokula konokono, kutokana na uvuvi uliopitiliza.

Minyoo hiyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Ndio muda ambao watoto wengi wako majini. Kuoga mapema asubuhi hupunguza hatari, hakuiondoi. Kujifuta taulo haraka nako si kinga ya kutegemea. Kwa wenyeji, maji ya kuogeshea mtoto yakitekwa ziwani, yahifadhiwe siku mbili kwanza au yachemshwe kisha yapoe.

Dalili huchelewa. Mtoto anaweza kuwashwa siku ile ile, akapata homa wiki kadhaa baadaye, kisha baada ya miezi miwili au mitatu akaanza kukojoa damu, hasa matone ya mwisho, huku akisikia maumivu. Wapo wanaoona aibu kusema. Kwa binti, damu hiyo hudhaniwa ni hedhi. Muulize mwanao kwa upole, bila kumtisha wala kumshuku. Kichocho kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na kwa wasichana huleta vidonda sehemu za siri.

Ukiona damu, mpeleke kituo cha afya. Mkojo wa mchana, kati ya saa 4 na saa 8, ndio unaoonyesha mayai vizuri zaidi. Dawa ni prazikwanteli, na kipimo chake hufuata uzito au urefu wa mtoto. Ampatie mhudumu wa afya, na mtoto awe ameshakula.

Kama mlikuja kutembea tu, usikimbilie dawa siku ya kurudi, kwa sababu haiui minyoo michanga. Subiri wiki sita hadi nane ndipo mtoto apimwe, hata kama hana dalili. Akipata homa kabla ya hapo, usisubiri.

Shuleni hutolewa kingatiba ya kichocho. Siku hiyo usimzuie mtoto kwenda, na umpe uji au chakula kabla. Mdogo wake ambaye hajaanza shule huenda asifikiwe, naye huogeshwa maji yale yale. Mtaje ukienda kliniki.

La mwisho ni choo. Mayai ya kichocho huingia ziwani kwa mkojo wa mtu, awe mwenyeji au mgeni. Kabla mtoto hajaruka majini, mpeleke chooni kwanza.