Tovuti za Michezo Zisiwaache Nje Wenye Ulemavu

MICHEZO katika nchi yetu ni mali ya wananchi wote. Hakuna kiongozi aliyepata kutamka kwamba mpira wa miguu ni wa wenye macho peke yao, wala kwamba habari za riadha ni za wenye kusikia tu. Hata hivyo, ukitazama namna vyama vingi vya michezo vinavyotoa habari zao siku hizi, utadhani uamuzi wa namna hiyo umekwisha kupitishwa bila ya kutangazwa.

Zamani redio ilitenda haki. Mtangazaji alipoeleza mpira umetoka kwa nani kwenda kwa nani, asiyeona wa Kisorya na mwenye macho wa Bunda mjini walipata habari ile ile kwa wakati ule ule. Leo sehemu kubwa ya habari hizo imehamia kwenye tovuti: ratiba, matokeo, msimamo wa ligi, fomu za usajili, matangazo ya mafunzo ya waamuzi na bei za tiketi. Hatupingi mabadiliko hayo. Tunachokataa ni maendeleo yanayowanyang'anya watu haki ambayo walikwisha kuwa nayo.

Tuchukue mfano wa ratiba. Mara nyingi karatasi ya ratiba hupigwa picha na kubandikwa kwenye tovuti. Mwenye macho huisoma na kwenda zake. Asiyeona hutumia programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo cha simu au kompyuta. Programu hiyo ikikuta picha isiyo na maelezo, humwambia tu kwamba hapa pana picha. Programu hizi si anasa ya matajiri. TalkBack hupatikana katika simu nyingi za Android, na NVDA ya kompyuta, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure. Basi mwananchi huyu amekwisha kutimiza wajibu wake. Aliyebaki nyuma ni mwenye tovuti.

Wala wasioona si peke yao. Kiziwi akifungua video ya maelezo ya kocha isiyo na maandishi chini yake wala mkalimani wa lugha ya alama, huona midomo ikicheza tu. Mwenye ualbino, na wenzetu wa Ukerewe wanalifahamu jambo hili vizuri, aghalabu ana uoni hafifu. Maandishi madogo ya kijivu juu ya weupe humshinda. Mwenye matatizo ya mikono hawezi kutumia kipanya, lakini angeweza kutumia vibonye kama tovuti ingemruhusu.

Tusije tukadhani kuwa tunazungumzia watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Kati yao wamo mashabiki wa Biashara United na Bunda Queens. Wamo pia wanamichezo wenyewe. Mwaka huo huo wa 2022, timu yetu ya wenye ulemavu wa viungo, Tembo Warriors, ilicheza Kombe la Dunia mjini Istanbul. Ni aibu kwa taifa kushangilia wanamichezo hao uwanjani, kisha kuwafungia wenzao mlango wa habari.

Kwa wananchi wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Mkazi wa Bunda mjini asiyeweza kusoma tangazo anaweza kwenda kuuliza ofisini. Mkazi wa Ukerewe hana budi kusubiri kivuko cha Rugezi na Kisorya, halafu ashike njia ya Bunda. Kwake yeye tovuti ndiyo ofisi. Ikiwa ni mtu mwenye ulemavu, na tovuti nayo haisomeki, amefungiwa milango miwili kwa pamoja. Zaidi ya hayo, ratiba iliyoandikwa kwa maandishi ni nyepesi kuliko picha: hufunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na haimalizi bando. Hivyo marekebisho tunayoyadai yatamfaa kila mvuvi mwenye simu ndogo.

Tunajua wapo watakaosema kwamba kazi hiyo ni kubwa na fedha hazipo. Hoja hiyo si mpya. Mwaka 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliishitaki Kamati ya Maandalizi ya Olimpiki ya Sydney kwa kuwa tovuti yake haikusomeka kwake. Alitaka picha ziwekewe maelezo, orodha ya michezo ifikike, na majedwali ya matokeo yasomeke. Kamati ilidai kuwa huo ungekuwa mzigo usiobebeka. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo iliikataa hoja hiyo na kutoa uamuzi wake tarehe 24 Agosti 2000, wiki chache kabla ya michezo kuanza. Kamati haikutekeleza ipasavyo, na mwezi Novemba ikaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwetu sisi wajibu huu umekwisha kuandikwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inataka habari na mawasiliano yafikike, na ya 30 inahusu kushiriki michezo. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kinachosubiriwa ni utekelezaji.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, kila chama cha michezo kiandike ratiba na matokeo kwa maandishi, na kila picha iwe na maelezo. Pili, halmashauri zinapotoa kazi ya kutengeneza tovuti, mkataba utaje wazi mwongozo wa kimataifa uliotolewa kwanza na shirika la W3C mwaka 1999 na kuboreshwa mara kadhaa tangu hapo. Mamlaka ya Serikali Mtandao isimamie jambo hilo. Tatu, Baraza la Michezo la Taifa livitake vyama vyote vitoe taarifa ya hatua vilizochukua. Nne, na hili ndilo kubwa, tovuti zijaribiwe na watu wenye ulemavu wenyewe kabla ya kuzinduliwa, maana avaaye kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Mwezi Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Sydney ilishitakiwa mbele ya macho ya wageni wake. Sisi tumepata muda wa kujifunza, na hatutakuwa na udhuru. Maofisa michezo na wataalamu wa kompyuta wa halmashauri waanze sasa, na waanzie na ratiba ya wiki ijayo.