Bastola kiunoni si kinga ya Jambiani

Jambiani, kijiji cha wavuvi, wakulima wa mwani na wenye nyumba za wageni kusini mashariki mwa Unguja, hakijulikani kwa milio ya risasi. Kero ya ukanda huo wa pwani ni wizi wa simu, fedha na mikoba, na mara nyingine uporaji wa kutumia mapanga. Hata hivyo, kila uhalifu unapoongezeka katika maeneo ya utalii huzuka hoja ile ile: raia mwema aruhusiwe kutembea na bastola, na mwizi ataogopa.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, raia wenye leseni za silaha walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuokoa wenzao. Zanzibar nayo haikusalimika mwaka huo. Februari 17, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi eneo la Mtoni, chini ya miezi miwili tangu Padri Ambrose Mkenda ajeruhiwe kwa risasi siku ya Krismasi.

Lakini ushujaa wa siku moja si kipimo cha sheria. Nchi iliyolijaribu jambo hili kwa mapana ni Marekani, ambako majimbo mengi yamelegeza masharti ya kubeba silaha iliyofichwa. Mwaka 1998 mchumi John Lott alitoa kitabu akidai kuwa hatua hiyo hupunguza uhalifu. Mwaka 2004 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti nchini humo liliona ushahidi hautoshi kuthibitisha dai hilo wala kinyume chake. Mwaka 2019 Profesa John Donohue na wenzake walikadiria kuwa miaka 10 baada ya jimbo kulegeza sheria, uhalifu wa kutumia nguvu huwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa.

Utafiti wao uliofuata ulitaja sababu mbili: silaha nyingi zaidi huibwa kutoka kwa wamiliki halali, na polisi hufumbua kesi chache zaidi.

Sababu ya kwanza inaigusa Tanzania moja kwa moja. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na kupora bunduki. Ikiwa silaha za kituo cha polisi ziliporwa, ya mwenye nyumba ya wageni ya makuti itasalimika vipi?

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka raia aombe leseni na kutimiza masharti, na mwaka 2016 serikali iliendesha uhakiki wa silaha zilizo mikononi mwa raia. Huo ndio mwelekeo wa kuimarishwa, sambamba na polisi wanaofika mapema, masheha na polisi jamii wanaosikilizwa, na kesi zinazofika mahakamani.

Mwizi anayeamini kuwa kila kiuno kina bastola si lazima aache wizi. Huenda naye akatafuta bastola yake, na iliyo karibu zaidi ni ile iliyoachwa chumbani mwenyewe alipokwenda kuogelea.